Bei ya Kupokea Pesa Mkunazini

Wapo wenzangu hapa Mkunazini wanaoyasema makato ya mashine ya kadi kama balaa jipya lililoshuka na ndege za watalii. Mimi nauza kanga, vikoi na viungo katika duka alilofungua baba, na babu kabla yake alikuwa karani wa mfanyabiashara wa karafuu pale Malindi. Nyumbani kwetu hesabu ya kupokea pesa ilikuwa mazungumzo ya kila jioni. Kwa niliyoyasikia na niliyoyaona, Unguja haijapata kuwa na pesa iliyofika mkononi mwa mwenye duka ikiwa nzima. Daima yupo mtu katikati, naye hali bure.

Tuanze na riale ya Maria Theresa, ile fedha nzito ya Austria yenye sura ya malkia aliyefariki mwaka 1780. Kila moja iliandikwa 1780, hata iliyopigwa miaka mia baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni hawakutaka kuona mwaka mwingine wowote. Ilifika hapa na majahazi ya kaskazi, ikafika pia na merikebu za Wamarekani wa Salem waliokuja kuchukua pembe na sandarusi, na hasa baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Kupokea riale ilikuwa kazi. Mpokeaji aligonga fedha kwenye jiwe asikilize mlio, akahesabu lulu kwenye pambo la malkia, akatazama kama kingo zimesuguliwa. Iliyochakaa ilikubaliwa kwa upungufu, na upungufu huo ulipangwa na mvunja fedha, si na aliyeileta.

Msicheke. Mpaka juzijuzi mtalii akinipa noti ya dola ya zamani, ya kabla ya mwaka 2006, nilikuwa naigeuza na kuitazama vilevile, maana nilijua dukani kwa mbadilisha fedha itarudishwa au itakatwa. Na noti ya dola moja au tano hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya mia, ingawa zote zimetoka kwa serikali moja.

Lakini riale haikuwa pesa ya duka dogo. Nani alinunua bizari ya riale nzima? Miaka ya 1840 Seyyid Said aliagiza pesa za shaba kutoka Bombay ili watu wapate chenji, na hapo ndipo mwenye duka alipoanza kuumia kwa namna ninayoifahamu vizuri. Aliuza kwa pesa za shaba, mojamoja, kutwa nzima. Kwa mwenye mzigo wa jumla alitakiwa alipe kwa riale. Ilimbidi akusanye zaidi ya pesa mia apate riale moja, na hiyo mia na ngapi haikuwa na kiwango kimoja. Shaba ikijaa mjini riale ilipanda, ikiadimika ilishuka, na waliokuwa na akiba ya zote mbili ndio waliojua leo ni ngapi. Mwenye duka alijua akishafika mlangoni kwao. Makato hayo hayakuandikwa kwenye risiti yoyote.

Ninayo pesa moja ya shaba ya Seyyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Mama aliikuta ndani ya kijaluba cha bibi pamoja na vifungo. Ni nyembamba, imeingia kijani pembeni, lakini mizani iliyochorwa juu yake bado inaonekana, vitanga vyote viwili vikiwa sawasawa kabisa. Nikiitazama nacheka peke yangu. Sijawahi kuona mizani ya sokoni iliyotulia namna ile.

Wakati huo rupia ya Kihindi ilikwishaanza kuisukuma riale. National Bank of India ilifungua tawi hapa mwaka 1892, na mwaka 1908 serikali ya Zanzibar ikatoa noti zake za rupia. Kwa wakubwa wa karafuu benki ilikuwa nafuu. Kwa duka la mtaani ilikuwa jengo la kupita mbele yake.

Babu alipenda kusimulia mwaka 1936. Tarehe 1 Januari rupia iliondolewa tukaingizwa kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Kwa mtu wa karafuu hesabu ilikuwa nyepesi. Kwa mwenye duka ilikuwa kichekesho, kwa sababu rupia ya Kihindi iligawanywa kwa anna 16 na shilingi kwa senti 100. Kitu cha anna moja kikawa senti tisa na ushei, na ushei hauna sarafu. Babu alisema kuwa kitu hicho kiliamka senti kumi, mtaa mzima, bila mkutano wala tangazo. Wateja walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Kati ya hadithi zake zote za pesa, hiyo ndiyo pekee ambayo aliyekula katikati ni mwenye duka, na ndiyo maana aliirudia sana.

Baba alifungua duka lake akakuta zama nyingine. Ikaja shilingi ya Tanzania mwaka 1966, na mwaka huohuo People's Bank of Zanzibar, lakini maisha ya duka yaliendeshwa na daftari. Lilikuwa daftari la karani la karatasi za mistari, jalada gumu, limefungwa kwa ukambaa. Majina hayakuandikwa ya cheti. Waliandikwa Bi Mkubwa wa Juu, Fundi Saa, Mama wa Mapacha, na mbele ya kila mmoja mstari wa alichochukua: doti moja, mchele pishi mbili, uzi. Mwisho wa mwezi walilipa, au walilipa nusu, au walianza kupita njia ya nyuma. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yote yalikaliwa dukani kwetu. Baba hakuwahi kuandika mahali popote kwamba amepoteza asilimia fulani kwa wasiolipa. Alipandisha kidogo bei ya kila kitu, na waliolipa wakawalipia wasiolipa.

Nalitaja daftari kwa sababu kadi ya benki, tukiifuata mpaka chanzo chake, ilizaliwa humo. Mwaka 1950 Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club kule New York. Mtu alikula hotelini akaonyesha kadi, na mwenye hoteli akalipwa na Diners Club baada ya kukatwa asilimia saba. Saba! Mwaka 1958 Bank of America ikaingia katika mji mmoja wa California, Fresno, ikawapelekea watu 60,000 kadi ambazo hawakuziomba, na wenye maduka wakaambiwa watakatwa mpaka asilimia sita. Wakakubali, tena wengi wao wenye maduka madogo. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na madaftari yao. Benki ilisema: tupeni sisi hilo daftari, tutawafuata wadeni sisi. Asilimia sita ilikuwa bei ya kulala usingizi. Benki yenyewe ndiyo iliyokesha, maana baada ya muda zaidi ya akaunti moja kati ya tano ilikuwa hailipwi ipasavyo. Baba angewaambia mapema.

Biashara ile ilinyooka baadaye, ikaitwa Visa mwaka 1976, ikasambaa dunia nzima. Kwetu ilifika kwa mlango wa hoteli. Dada yangu alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Shangani miaka ya 1990, na mashine aliyoitumia haikuwa na umeme. Kadi ililazwa kwenye kibao cha chuma, juu yake karatasi ya nakala tatu yenye kaboni, kisha anavuta mkono wa chuma kulia na kushoto, kra-kra, namba zilizovimba kwenye kadi zikachapika. Mgeni akatia saini. Malipo yakizidi kiwango walichopangiwa, ilibidi kupiga simu kuomba idhini, na simu za wakati ule mnazijua. Kulikuwa na kijitabu cha namba za kadi zilizoibwa, chenye maandishi madogo mpaka ya kuumiza macho. Nakala zikapelekwa benki, na pesa zikaja zitakapokuja. Duka kama letu halikuwa na nafasi katika mpango huo. Mtalii aliyetaka kanga aliombwa taslimu, na kama hana, aliondoka.

Kwa wenyeji mambo yalitatuliwa na simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka uliofuata, na baada yake kila mtandao ukawa na wake, ikiwemo Ezy Pesa ya Zantel ambayo hapa visiwani ndiyo tuliyoizoea. Leo mama wa Kikwajuni akija kuchukua doti mbili haulizi kama napokea, anauliza lipa namba. Nayo ina mtu wake katikati. Julai 2021 serikali iliongeza tozo juu ya miamala ya simu, na kelele zilizopigwa zilifanya ipunguzwe kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Kwa wiki zile wateja wangu walirudi kwenye noti kama waliokatazwa simu na daktari.

Basi kadi imebaki kwangu kuwa suala la wageni, na hapo ndipo mtoto wa kaka yangu alipoanza kunisumbua. Alikaa kwenye kigoda pale mlangoni akahesabu Wataliano na Wapolandi walioshika vikoi, wakauliza kama napokea kadi, wakavirudisha. "Shangazi, ile ilikuwa laki na nusu imetoka na miguu yake," aliniambia. Nikamjibu kuwa ATM ziko hapo nje. Akasema ATM nyingi zinatoa laki nne kwa mara moja, na benki ya mgeni inamkata kwao, na inayotoa inamkata hapa, kwa hiyo akishazitoa anazigawa: za teksi, za chakula, za kwenda Nungwi. Kanga inakuja mwisho. Alikuwa na haki. Na tangu kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, hata ile njia ya kumwambia mgeni "dola kumi" tukamaliza imefungwa.

Hapa inafaa kuona tofauti yetu na watu wa Fresno. Wao walinunua kuepushwa na daftari. Mimi sijawahi kumkopesha mtalii, na sitamkopesha. Ninachonunua mimi ni mauzo ambayo yasingekuwepo. Kwa hiyo mtu anayelalamika kuwa mashine inamla asilimia tatu hana budi ajiulize: asilimia tatu ya nini? Kama mgeni huyo angelipa taslimu hata hivyo, ni hasara. Kama angeondoka, zile 97 zilizobaki hazikuwepo kabisa.

Tuliletewa mapendekezo mawili. Moja lilitoka benki: mashine kamili, yenye karatasi na vitufe, kwa kodi ya kila mwezi, na makato ya chini. La pili lilikuwa la kampuni ya malipo: kisomeo kidogo kinachozungumza na simu, unakinunua mara moja, hakina kodi, lakini kila muamala unakatwa zaidi. Kijana wangu, kama vijana wote, aliitazama asilimia tu. Benki ni nafuu, akasema.

Nikamwambia achukue kalamu. Nawapeni hesabu yenyewe kwa namba za mviringo ili ieleweke. Tuseme kodi ya mashine ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na tofauti ya makato kati ya hizo mbili ni asilimia moja. Asilimia moja ya kiasi gani ni 50,000? Ya milioni tano. Maana yake mwezi ambao sikupokea milioni tano kwa kadi, mashine "nafuu" ya benki imenigharimu zaidi ya kile kisomeo "ghali". Julai na Agosti, Krismasi na Mwaka Mpya, labda nafika. Lakini masika? Aprili na Mei mvua inapiga mji mzima, hoteli za pwani nyingine zinafunga kabisa, na mimi nakaa na kikombe cha chai nikitazama maji yanavyoshuka kwenye mfereji. Kodi ya mashine haijui masika.

Hii si akili yangu. Katikati ya karne ya 19, kwa miaka mingi, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji. Yeye alimlipa sultani kiasi maalumu kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru na kilichozidi kikawa chake. Mwenye bandari nzima anaweza kuahidi kiasi kisichobadilika, kwa sababu jahazi moja lisipokuja litakuja jingine. Mwenye duka la upana wa mikono miwili na nusu hawezi. Aliyejaliwa kidogo akubali kukatwa kwa kadiri ya anachopata, hata kama kisu kinaonekana kikubwa zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaliulizi mpaka wameshasaini, nalo ni lini pesa inaingia. Mzigo wangu wa kanga unatoka Dar es Salaam, na mwenye jumla hataki kusikia kuwa pesa ziko njiani. Siku mbili za kusubiri, na Ijumaa jioni zikawa siku nne, ni mtaji uliolala. Niliuliza pande zote mbili. Mmoja alinijibu kwa siku, mwingine kwa neno "kawaida". Neno hilo silipendi katika biashara.

Halafu niliuliza swali lililomfanya kijana wa benki anitazame vizuri kidogo: katika hayo makato, nani anachukua nini? Kwa ufupi wanagawana watatu. Benki iliyompa mgeni kadi inachukua, na mara nyingi ndiyo inayopata fungu nene. Mtandao wa kadi unachukua. Na benki au kampuni iliyonipa mimi mashine inachukua. Lile fungu la benki ya mgeni, Umoja wa Ulaya uliliwekea kikomo mwaka 2015: asilimia 0.2 kwa kadi ya kutoa akiba ya mtu, na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Mtaliano akinunua skafu kwao, kikomo hicho kinamlinda mwenye duka. Mtaliano huyohuyo, kwa kadi hiyohiyo, akija Mkunazini, sheria inabaki Roma. Ndiyo maana kadi ya benki ya hapa nchini hukatwa kidogo na ya mgeni hukatwa zaidi. Mwenye kutangaza "makato kuanzia" asilimia fulani anakutajia ya kadi ambazo wateja wangu hawana. Ulizeni ya kadi ya nje.

Kile kisomeo kidogo nacho kina asili yake. Jim McKelvey, mtengeneza vioo wa St. Louis, alikosa kuuza kazi yake kwa sababu hakuweza kupokea kadi ya mnunuzi, na mwaka 2009 yeye na Jack Dorsey wakaanzisha Square: kidude cha kuchomeka kwenye simu, bila kodi, na muda si mrefu asilimia 2.75 mwanzo mwisho. Kampuni yao haikufika Unguja, lakini wazo lilifika. Naona ni haki lianzie kwa mtu aliyeona mauzo yanatoka mlangoni, si kwa mtu wa benki.

Nilijaribu kupatana. Mimi ni mtu wa Mkunazini, sijui kununua kitu kwa bei ya kwanza. Nikamwambia kijana wa benki apunguze nusu asilimia, na mimi nitamletea maduka matatu ya jirani. Akatabasamu kwa adabu. "Kiwango kiko kwenye mfumo, mama." Babu alikuwa akiingia kwa mvunja fedha akapewa kahawa, wakabishana, akatoka amekatwa kidogo kuliko aliyemtangulia, au zaidi. Mfumo haunywi kahawa. Kwa upande mwingine, nakubali, mfumo pia haumkati mjane zaidi ya tajiri kwa sababu hajui hesabu, na wavunja fedha wa zamani walikuwa na sifa hiyo.

Tukachukua kisomeo. Kinakaa kwenye mtoto wa meza pamoja na mkasi na futi ya kupimia, na mtandao ukikatika, kama unavyokatika, tunarudi kwenye taslimu bila aibu.

Tulichobaki kubishana ni asilimia tano. Maduka mengi hapa mjini humwongezea mgeni asilimia tano akitoa kadi, na jirani yangu wa mkono wa kushoto ameliandika kabisa kwenye kipande cha boksi. Kijana wangu anataka nasi tufanye hivyo. Mimi nimeyatia makato ndani ya bei, kama baba alivyowatia wasiolipa. Mgeni aliyekwisha kubali laki moja, ukimwambia sasa ni laki na elfu tano, anarudisha mkono mfukoni na kuanza kupatana upya tangu mwanzo, na nikianza upya na Mtaliano nitapunguza elfu kumi. Nimemwambia anionyeshe hesabu inayokataa hilo. Bado anaitafuta.